Minestrone ya nyumbani imekugomea? Tafuta tatizo lako hapa, kuanzia maharage yasiyoiva mpaka supu iliyochacha

Habari zenu wapendwa. Huku Arusha baridi ikishaingia, kuanzia mwezi wa 6 hivi mpaka wa 8, Meru unaweza usiuone siku tatu nne kwa mawingu, na kwangu jioni ni supu tu. Kila nikipika hii ya minestrone mtu akila lazima aombe maelekezo, anaenda kwake anapika, kesho yake simu: dada maharage hayaivi, dada imekuwa uji, dada mbona yangu haina ladha kama ya kwako. Maswali ni yale yale kila mwaka kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote sehemu moja, we tafuta tatizo lako lilipo usome hapo, sio lazima usome yote.

Kwa asiyeijua, minestrone ni supu nzito ya Waitaliano, mboga nyingi, maharage, na tambi au mchele. Haina resipi moja, kule kwao kila nyumba inapika kwa kilichopo msimu huo, na ndo maana inatufaa sisi. Mtu aliyekulia kwenye makande na kiburu hahitaji kufundishwa kuweka maharage na kitu kingine sufuria moja. Kinachotushinda ni mpangilio, nini kinaingia kwanza na nini kinasubiri. Karibu matatizo yote hapa chini ukiyafuatilia unakuta kitu kimeingia mapema sana au kimechelewa.

Vipimo vyangu mimi kwa watu sita saba: maharage nusu kilo, vitunguu maji viwili vikubwa, karoti tatu, shina moja mbili za seleri ukizipata, swaumu punje nne, nyanya tano zilizoiva, viazi vitatu, kabichi robo, fungu moja la spinachi au sukuma, tambi au makaroni kikombe kimoja cha chai, mafuta vijiko vinne vya chakula, maji kama lita mbili na nusu. Hoho, zukini, njegere, boga, hivyo weka kama vipo. Ukienda soko la Kilombero hapa mjini asubuhi au Tengeru siku ya soko, Jumatano na Jumamosi, unavipata vyote bila kuumia.

Maharage hayaivi, saa mbili yako jikoni bado ni mawe

Hili ndo linaongoza kwa mbali, na ndo linalomaliza gesi na mkaa wa watu.

Cheki ya kwanza, uliweka nyanya lini? Kama nyanya ziliingia maharage yakiwa bado magumu basi umeshapata jibu. Uchachu wa nyanya unafanya ganda la harage likaze, haliachii, unaweza kuchemsha mpaka usiku linabaki vile vile. Limau, siki na ukwaju ni hivyo hivyo. Maharage yaive kwanza kabisa, peke yake na maji, kitunguu kipande na jani la bay ukitaka, nyanya zisubiri.

Kujua yameiva usionje moja ukaridhika, maana moja linaweza kuwa tayari na mwenzake bado. Chota matano na kijiko kutoka sehemu tofauti za sufuria, yapulize. Yaliyoiva ganda lake linajikunja na kubanduka ukilipulizia, unaliona kabisa linakuwa kama karatasi iliyolowana. Alafu bonyeza moja kwa kidole gumba kwenye kiganja cha mkono, likisagika laini bila chembe katikati basi tayari. Likipasuka vipande vipande lirudi jikoni.

Kama nyanya hukuweka, swali la pili ni uliloweka? Watu wengi wanaruka hapo. Loweka usiku, kwa muda wa saa 8 mpaka 12, maji yawe mara tatu ya maharage, na weka chumvi kijiko cha chai kwa kila lita. Najua bibi zetu walituambia chumvi inagomesha maharage, ila chumvi ya kulowekea inafanya kinyume, inalainisha ganda. Mi nimejaribu bakuli mbili za maharage ya gunia moja, moja na chumvi moja bila, ya chumvi yakawahi na hayakupasuka. Yale maji ya kulowekea mwaga, suuza, weka mapya. Walio Moshi angalieni, mwezi wa pili kule joto ni lingine, maharage ukiyaacha kwenye maji usiku kucha juu ya meza asubuhi unakuta povu na harufu kali, kwa hiyo badilisha maji kabla ya kulala au weka kwenye friji.

Sababu ya tatu ni maharage ya zamani. Harage likikaa sana stoo, hasa sehemu yenye joto na unyevu, linakuwa gumu kwa ndani na hapo hata ulowekeshe vipi linasumbua. Mama mkwe alishaniletea ndoo nzima kutoka Machame, mazuri kwa macho, yanang'aa, nikayapika kuanzia saa nane mchana mpaka saa moja jioni watoto wakaishia kula ugali na chai. Baadae ndo akaniambia mwanangu yale ni ya mwaka juzi. Tangu siku hiyo nikinunua sokoni namuuliza kabisa muuzaji ni ya msimu gani, na hata nikinunua gunia dogo napika kikombe kimoja kwanza kujaribu. Maharage ya njano kwangu ndo yanayowahi kuliko yote na mchuzi wake unakuwa mzito.

Kuna na hili ambalo watu hawalijui. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huku yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi sio 100. Moshi mjini wako chini yetu, kwao ni kama 97. Kwa hiyo ukisoma resipi ya mtu wa Dar inasema saa moja, we huku ongeza nusu saa au zaidi, hujakosea kitu, ni maji yetu tu hayapati joto lile. Ndo maana presha kuka huku ina faida kubwa. Maharage yaliyolowekwa kwenye presha ni dakika 15 mpaka 20 tangu ianze kupiga.

Magadi? Najua wengi mnaweka. Yanalainisha kweli, ila mi kwenye hii supu sishauri. Yakizidi kidogo tu supu inateleza mdomoni na inakuwa na ladha ya sabuni, maharage yanavurugika. Na magadi ya Ziwa Natron yana floraidi nyingi, wakati sehemu nyingi za kuzunguka Meru maji yenyewe tayari yana floraidi, tunaona meno ya watoto wetu yanavyokuwa ya kahawia. Na kuchemsha maji hakuondoi floraidi, maji yakipungua yenyewe inabaki pale pale. Kama una watoto wadogo achana na magadi.

ONYO hapa, hili msilichukulie kawaida. Maharage mekundu makubwa, yale yenye umbo la figo, yasipoiva vizuri yana sumu yake ya asili. Yanahitaji kulowekwa si chini ya saa 5, maji yamwagwe, alafu yachemke kwa nguvu, yaani yanatokota kabisa, si chini ya dakika 10, na mi kwa huku juu naweka 30. Kuyapika kwa moto mdogo mdogo tangu mwanzo bila kutokota ni hatari kuliko unavyofikiri, joto dogo halivunji ile sumu na linaweza hata kuizidisha. Kama watu wamekula maharage nusu mabichi na ndani ya saa moja mpaka tatu wameanza kutapika na kuharisha, supu hiyo imwage, wape maji na ORS kidogo kidogo, na kama ni mtoto mdogo, mjamzito au mzee, au mtu hawezi kukaa na maji tumboni, au amelegea, usisubiri asubuhi, nenda hospitali.

Tambi zimenywa supu yote, kesho yake unakata kwa kisu

Hili la pili kwa wingi. Shemeji yangu alipika sufuria kubwa Jumamosi kwa ajili ya wageni wa Jumapili, aliweka tambi pakiti nzima, asubuhi akafungua mfuniko hamna supu, kuna kitu kimoja kizima kimeshikana kinatikisika sufuria ikitikiswa. Akaongeza maji, ikawa uji.

Sababu ya kwanza ni wingi. Tambi kavu na makaroni zinavimba zaidi ya mara mbili, na zinaendelea kunywa hata moto ukizimwa. Kikombe kimoja cha chai kwa sufuria ya watu saba kinatosha kabisa hata kama ukikitazama unaona ni kidogo. Sababu ya pili ni muda, mtu anaziweka pamoja na viazi. Tambi ni kitu cha mwisho, dakika 8 mpaka 10 za mwisho, na zile nyembamba kabisa dakika tatu nne tu. Sababu ya tatu ni kuziacha zilale humo.

Dawa yake ya kudumu ni kuzichemsha pembeni. Chemsha makaroni na chumvi, chuja, tia mafuta kijiko kimoja zisishikane, weka kwenye bakuli yake, kila mtu akipakua anaweka kijiko kwenye sahani yake alafu anamwagia supu juu. Supu inayobaki inabaki supu. Kama una spageti tu ndani zivunje vipande vya kidole kimoja, inafaa sana, funga kwenye kitambaa safi uvunjie ndani zisiruke jiko zima.

Ikishatokea je? Usiongeze maji ya baridi na kukoroga, ndo inavyokuwa uji. Chemsha maji pembeni na kitunguu na nyanya moja na chumvi, yakiwa ya moto mwagia taratibu, koroga mara moja tu, zima. Au ikubali ilivyo, ipashe kwenye kikaango na mafuta kidogo ishike rangi chini, watoto wanaipenda hivyo.

Na tambi sio lazima. Milano wao wanaweka mchele. Mchele wa Magugu kiganja kimoja na nusu unatosha, unaingia dakika 20 kabla ya kuepua, ila nao unakunywa maji kwa hiyo ni sheria ile ile.

Haina ladha, ina ladha ya maji ya mboga

Kabla hujakimbilia vile vidonge vya mchuzi, fanya hivi. Chota supu kwenye kikombe, tia chumvi kidogo, onja. Imebadilika? Basi ni chumvi tu ilikuwa pungufu, na hiyo ndo sababu ya kwanza, sufuria ya lita tatu inahitaji chumvi kuliko unavyodhani hasa yenye viazi na maharage. Haijabadilika sana? Kamulia tone la limau kwenye kikombe hicho hicho, onja tena. Mara nyingi hapo ndo inaamka. Ikigoma vyote viwili basi tatizo ni la mwanzoni kabisa, kwenye kukaanga.

Na hapa niseme kwa kirefu maana ndo moyo wa supu yenyewe. Kitunguu, karoti na seleri, vyote vimekatwa vidogo vidogo kama punje za mahindi, vinatakiwa vikaangwe kwa moto mdogo dakika 15 mpaka 20. Sio tatu. Wengi tumezoea kitunguu kikiwa cha kahawia tu nyanya ndani. Hapa hutaki kahawia, unataka kilainike mpaka kiwe kama kioo, karoti ianze kutoa mafuta ya rangi ya machungwa, na harufu ya jikoni ibadilike kutoka ile kali ya kuchoma macho iwe tamu. Weka chumvi kidogo mapema ili vitoe maji visiungue. Kitunguu cha Mang'ola hapa kinajibu sana. Alafu swaumu, dakika moja tu. Alafu nyanya, au nyanya ya kopo kijiko kikubwa, nayo uikaange mpaka itoke ule wekundu wa kung'aa iwe rangi ya tofali na mafuta yajitenge pembeni. Hiyo ndo hatua ambayo ukiiruka hakuna kidonge kitakachoirudisha.

Kama umeshapika na umechelewa, unaweza kuokoa: kikaango pembeni, mafuta, kitunguu kimoja, nyanya ya kopo, kaanga vizuri hivyo hivyo, mwagia kwenye sufuria, acha ichemke dakika 15. Inasaidia sana.

Vya kuongeza uzito wa ladha kama vipo: mfupa wa ng'ombe uchemke na maharage toka mwanzo, au ganda gumu la jibini ukilipata, wao wanatumbukiza kabisa linachemka humo alafu wanalitoa. Kule Genoa wanamalizia na pesto, yaani rihani iliyosagwa na swaumu, mafuta ya zeituni na jibini. Mimi natwanga rihani na swaumu na chumvi kwenye kinu kidogo, natia mafuta, kijiko kimoja juu ya kila sahani, na sio cha kuchemsha, ukikichemsha harufu yote inaondoka. Rozmeri nayo ipo kwenye uzio wa nyumba nyingi tu hapa mjini, kijiti kimoja kinatosha, kikizidi supu inanuka dawa.

Nyepesi, maji pembeni mboga pembeni

Kwanza maji yalikuwa mengi, toa mfuniko uchemshe dakika 20 za ziada. Pili umemwaga maji yaliyopikia maharage, usiyamwage kamwe, yale ya kulowekea ndo ya kumwaga ila ya kupikia ndo uzito wenyewe. Chota vikombe viwili vya maharage na kiazi kimoja, viponde na mwiko au blenda, rudisha. Dakika tano unaona tofauti. Unga wa ngano usiweke, unafanya supu inate kama gundi na ikipoa inatisha.

Ukitumia blenda, iache supu ipoe kwanza. Supu ya moto kwenye blenda iliyofunikwa kabisa inarusha mfuniko na inaunguza uso.

Chumvi imezidi

Watu wanasema weka kiazi kinyonye chumvi. Kiazi kinanyonya maji yenye chumvi kama sponji, kile kilichobaki sufuriani ukali wake ni ule ule. Cha kweli ni kuongeza wingi: maji ya moto, maharage yasiyo na chumvi, viazi, kabichi. Mara nyingi chanzo ni vile vidonge na mchuzi miksi, ukiviweka usitie chumvi mpaka mwisho kabisa baada ya kuonja.

Chachu au chungu

Chachu ni nyanya, hasa zile ngumu zilizovunwa mbichi. Kaanga karoti iliyokunwa uiongeze, au sukari nusu kijiko cha chai, onja kwanza kabla ya kuongeza tena. Na nyanya unaweza usiweke kabisa, mboga hii imetoka Amerika na imefika Ulaya karne ya 16 tu, minestrone nyeupe ipo na ni nzuri.

Chungu ni swaumu iliyoungua. Hapo hakuna dawa, kama umeiona imekuwa nyeusi kabla ya kuweka vingine mwaga mafuta hayo uanze upya, ni hasara ndogo. Au umeweka mnafu. Mi nimelelewa na mnafu naupenda, ila kwa supu hii uchemshe pembeni kwanza umwage maji yake ndo uingize.

Imeungua chini

Ukisikia harufu tu, zima, USIKOROGE. Mimina ya juu kwenye sufuria nyingine bila kukwangua, acha sentimita mbili chini. Onja. Kama harufu ya kuungua haijapanda umepona, kama imepanda hakuna kiungo cha kuificha. Sababu huwa ni sufuria nyembamba ya bati kwenye jiko la mkaa lililokolea, na maharage yaliyopondwa ambayo yanapenda kukaa chini. Mkaa ukishakolea punguza, toa vipande, funga kidirisha cha chini.

Mboga zote zimevurugika, majani yamekuwa ya kijivu

Mpangilio tu. Maharage yakishaiva na kukaanga kukiwa tayari, changanya, viazi viingie kwanza, dakika kumi baadae kabichi, maharage mabichi ya maganda na boga, tano baadae zukini, hoho na njegere, spinachi dakika mbili za mwisho na hapo usifunike. Sukuma na kabichi gumu zinavumilia, spinachi na mchicha hapana.

Imechacha, ina vipovu asubuhi

Imwage. Najua inauma, sufuria nzima ya chakula, ila usiichemshe tena ukadhani umeua wadudu. Kuna sumu zinazoachwa na bakteria kwenye mchele, tambi na maharage ambazo hata uchemshe nusu saa haziondoki.

Chanzo namba moja ni kuiacha jikoni usiku ikiwa imefunikwa, au juu ya majivu ya moto ili asubuhi iwe vuguvugu. Uvuguvugu huo ndo bakteria wanautaka. Sufuria kubwa ya supu nzito inakaa na joto katikati saa nyingi sana hata kama Arusha ni baridi nje. Ndani ya saa mbili tangu kuepua igawe kwenye vyombo vidogo vya kina kifupi, weka sufuria kwenye beseni la maji ya baridi ukoroge ishuke joto, alafu friji. Kwenye friji siku tatu, nne mwisho. Ukipasha pasha unayokula tu na itokote kabisa katikati, sio kufuka moshi pembeni. Kama umeme ulikatika mchana kutwa na friji limepoteza baridi usiibahatishe kwa watoto.

Presha haipigi, au inapiga vibaya

Zima moto kwanza kwa lolote lile. Cheki za kawaida ukishaacha ipoe: mpira wa mfuniko umekaa sawa? umepasuka au umelegea? kile kitundu cha kutolea mvuke kimeziba na ganda la harage? Kipitishie njiti, angalia mwanga unapita. Na maharage yasizidi nusu ya sufuria, yana povu na ndo linaloziba. Kijiko cha mafuta ndani kinapunguza povu.

Usilazimishe mfuniko kufunguka. Kama unagoma bado kuna mvuke ndani, acha hata nusu saa. Kama kile kifuniko kidogo cha usalama kimeshatoka au kimeyeyuka, usikizibe na ugali wala kitambaa wala kipande cha ndala, nimeyaona yote hayo kwa macho yangu na nimeona jirani alivyoungua kifua. Peleka kwa fundi aweke kinachotakiwa, au iache itumike kama sufuria ya kawaida bila mfuniko wake.

Mtu akimwagikiwa na supu, maji ya bomba ya baridi yanayotiririka dakika 20 palepale, vua pete na nguo ambayo haijagandia. Dawa ya meno, unga, mafuta, hapana. Mtoto mdogo, uso, mikono, sehemu za siri, au jeraha kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, ni hospitali.

Moto wenyewe: gesi ya njano, mkaa wa ndani

Supu hii inakaa jikoni muda mrefu kwa hiyo ubovu wa jiko unajionyesha hapa kuliko kwenye chai. Moto wa gesi ukiwa wa njano na sufuria inakuwa nyeusi chini, mara nyingi matundu ya jiko yameziba na supu iliyofurika, zima, acha lipoe, safisha kwa brashi na sindano. Bado ni wa njano? ita fundi. Ukisikia harufu ya gesi funga mtungi, fungua madirisha na milango, usiguse swichi ya umeme kuwasha wala kuzima, usiwashe simu humo ndani, toa watu. Maungio unayapima na povu la sabuni, likitoa vipovu ndo hapo panapovuja, usipime na kiberiti. Ikiendelea kuvuja na mtungi umefungwa, au moto ukishika, toka nje upige 114 Zimamoto.

Na mkaa. Hili naliandika kwa uzito wote maana kila msimu wa baridi huku kwetu tunasikia msiba wake. Supu imeiva, jiko bado lina makaa mazuri, nje kunauma, mtu analiingiza chumbani watoto wapate joto na anafunga dirisha. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na haina moshi, makaa yakiwa mekundu safi ndo inatoka. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, na kama ni watu zaidi ya mmoja nyumba moja wanalalamika kichwa kwa pamoja usifikirie ni chakula. Toa kila mtu nje kwenye hewa, nenda hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu. Kwangu jiko supu ikiepuliwa linabaki uani, namwagia majivu juu, na watoto wanapata joto lao kwenye bakuli.